Mtoto ameanza kutambaa na mbabula (jiko la makala) iko chini: nifanye nini?

*"Tunaishi Goma, mtaa wa Ndosho, nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Napikia makala. Mbabula huwa chini kwenye kibaraza, mvua ikinyesha naiingiza ndani. Mwanangu wa kiume ana miezi kumi, anatambaa na ameanza kujishikilia ili asimame. Wiki iliyopita aligusa mbabula akaungua vidole viwili. Mama mkwe alimpaka mafuta ya mawese, akasema afadhali ameungua kidogo, sasa ameshaujua moto, hatarudia. Nikipika, binti yangu wa miaka saba ndiye anayemwangalia. Mume wangu anataka tununue gesi, mimi naona hela haitoshi. Je, mama mkwe anasema kweli? Na bila gesi, nifanye nini na jiko langu?"*

Pole kwa mtoto, Mama. Umeuliza kama ameshaujua moto, na kama bila gesi jiko lako litabaki hatari tu. Nitajibu yote mawili, lakini nitaongeza machache ambayo hukuyauliza, maana yamo ndani ya barua yako: binti wa miaka saba, mbabula inayoingia ndani wakati wa mvua, na yale mafuta ya mawese.

Mwanao hajaujua moto. Amejua kwamba siku ile kitu fulani kilimuuma. Huenda akakiogopa siku mbili tatu, halafu asubuhi moja ataikuta mbabula imepoa, ataigusa, haitamwuma, na woga utaisha. Kwa macho yake mbabula ya asubuhi na ya saa sita mchana ni ile ile. Wala hajajifunza lolote kuhusu termosi, sufuria ya maharage iliyoipuliwa, au kikombe cha chai mkononi mwa mgeni. Tena kuelewa ni jambo moja, kujizuia ni jambo lingine. Utamwona mtoto wa mwaka na nusu anasema "moto! moto!" vizuri kabisa, na mkono wake unaendelea kwenda kule kule. Si ukaidi. Uwezo wa kuusimamisha mkono ulioanza safari hukomaa polepole kwa miaka mingi, na katika miaka miwili ya kwanza karibu haupo. Endelea kumwambia "moto", maneno hayo yatafanya kazi akifika miaka mitatu minne. Kwa sasa usiyategemee.

Na binti yako, Mama, naye ni mtoto. Anaweza kumchekesha mdogo wake, kumwimbia, kumpa kijiko agonge debe. Hawezi kumnyanyua haraka mtoto wa kilo nane tisa anayejipindapinda, na akimvuta kando ya mbabula wanaweza kuanguka wote wawili. Jambo likitokea, yeye ndiye atakayelaumiwa, na atakua nalo. Kama mama mkwe yuko nyumbani saa za kupika, huyo ndiye wa kupewa kazi. Usiende kwake na hoja kwamba alikosea. Mwambie tu: "Mama, nikisonga fufu sina mikono, nishikie huyu." Nusu saa ya bibi akiwa amekaa na mjukuu upande wa pili wa nyumba inazidi maonyo ya siku nzima.

Sasa tuutazame moto wenyewe. Tukisema kuungua jikoni, wengi hufikiria makala mekundu. Lakini kwa watoto wadogo, wengi wanaoletwa hospitalini hawakugusa moto: walimwagikiwa maji, chai, uji, mchuzi. Ngozi yao ni nyembamba kuliko yetu. Maji ya nyuzi 60, ambayo bado hayajachemka, humwunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde kama tano. Mtoto mdogo huungua hivyo kwa sekunde moja hivi. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hizo nyuzi tano hazimpunguzii mtoto kitu. Chai iliyomiminwa robo saa iliyopita, ambayo wewe unainywa bila taabu, bado inaweza kumwunguza. Uji na fufu ni vibaya zaidi kwa sababu vinanata na kuendelea kuunguza pale pale, na mafuta ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, yana moto karibu mara mbili ya maji yanayochemka.

Fikiria jinsi fufu inavyosongwa. Umekaa kwenye kigoda, sufuria iko mbele yako, umeibana kwa miguu ili isizunguke, mikono yote miwili iko kwenye mwiko. Mtoto akija kwa nyuma akajishika kwenye bega lako ili asimame, huna cha kumzuilia. Halafu unaipua, unaiweka sufuria chini kando yako, unageuka kuchukua sahani. Hapo ndipo penye hatari kuliko pote, kwa sababu kichwani mwako kazi imekwisha. Moto umeuacha, macho umeyaondoa, na sufuria imekaa usawa wa kifua cha mtoto anayetambaa.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kununua chochote, amua mahali pa kuipulia. Pawe mahali hapo hapo kila siku, pasibadilike, pawe juu ya kiuno chako au nyuma ya kizuizi: meza imara isiyo na kitambaa cha kuning'inia, au rafu iliyopigiliwa ukutani. Kitambaa cha meza kiondoe kabisa mpaka mtoto afike miaka mitatu, hata kama ni zawadi ya harusi. Termosi nayo ipande juu. Nyumba nyingi zinaiweka sakafuni kando ya kiti, na mtoto akijishikilia inaanguka naye. Mtoto wa miezi kumi akisimama na kunyoosha mkono hufika karibu na kiuno cha mtu mzima, na kila mwezi anaongeza. Chochote cha moto, chenye makali au chenye sumu kilicho chini ya hapo kihesabu kuwa tayari kiko mkononi mwake.

Mbabula yenyewe ina njia mbili: kuinuliwa, au kuzungushiwa. Kuinua ni rahisi kwetu kwa sababu mawe ya volkano ya Nyiragongo yako kila mahali, na fundi anaweza kukujengea jukwaa la mawe hayo lenye urefu wa kufika kiunoni. Ni zuri kwa maji, chai, maharage na sombe (majani ya mhogo). Kwa fufu sitakudanganya: kusonga ukiwa umesimama, sufuria ikiwa juu, kunachosha, na sufuria isipobanwa vizuri inapinduka kutoka juu, ambapo ni hatari kuliko kutoka chini. Ukiinua, basi uwekewe na kingo za chuma za kuishikilia sufuria. Bila hizo, baki chini na uzungushie.

Kuzungushia ndiyo njia ninayokushauri wewe uanze nayo, kwa sababu nyumba yako ni ya mbao na mume wako au fundi wa jirani atapata vipande vya kutosha. Ziba njia ya kutoka chumbani kwenda kibarazani kwa kigeti cha sentimita 75 kwenda juu. Mbao zisimame wima; zikilala zinakuwa ngazi. Nafasi kati ya mbao isizidi vidole vitatu vya mtu mzima, ili kichwa kisipite kikanasa. Komeo liwe upande wako. Na mbabula ikae angalau mita moja kutoka kwenye kigeti na kwenye ukuta, kwanza kwa ajili ya mkono wa mtoto, pili kwa ajili ya nyumba, maana tunajua jinsi nyumba za mbao za Goma na Bukavu zinavyowaka zikifuatana. Mkeka hauwezi kuwa mpaka. Msitari wa chaki wala. Kumwangalia peke yake hakuwezi pia, kwa sababu kila mtu hugeuka.

Wengine hutatua yote haya kwa kumfunga mtoto mgongoni. Ni afadhali kuliko kumwacha sakafuni, hilo nakubali. Lakini ukiinama kuipua, miguu yake inakuja mbele, na mafuta yakiruka yanamfikia. Tena anavuta moshi ule ule unaovuta wewe. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba karibu unaongeza mara mbili hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Mgongoni wakati wa kuchambua mboga, sawa. Wakati wa kukaanga na kuipua, mpe bibi.

Sasa ile mbabula inayoingia ndani wakati wa mvua. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Watu hungoja moshi uishe, makala yawe mekundu, ndipo waingize, wakidhani hatari ilikuwa moshi. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika kwenye damu mahali palipokusudiwa oksijeni na kutoachia upesi. Watu wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde ya upande wa ziwa, ikaua mbuzi, mbwa na hata watoto. Lakini mazuku ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, ndiyo maana hukaa chini. Ya makala hailali chini. Inachanganyika na hewa ya chumba chote, kwa hiyo kumpandisha mtoto kitandani hakumwokoi, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ongeza paa la bati kwenye kibaraza, hata la mita mbili tu, ili mvua isikulazimishe kuingiza. Hiyo ni hela ambayo ningeitumia kabla ya gesi. Na usiku wa baridi usilale na mbabula chumbani hata kama imefunikwa majivu. Ikitokea watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wanatapika au wanasinzia ovyo na mbabula imo ndani, toeni kila mtu nje kwanza, mtoto mbele, kisha hospitali.

Majivu nayo hukaa na moto ndani kwa masaa. Yamwagie maji kabla ya kuyatupa, wala usiyatupe njiani anapotambaa.

Mume wako hajakosea kuhusu gesi. Haitoi moshi kama makala, inawaka na kuzimika papo hapo, hakuna majivu. Lakini haimwondolei mtoto hatari ya kumwagikiwa, kwa sababu sufuria ni zile zile. Inataka meza imara, mpira usioning'inia, chupa isimame wima mahali penye hewa, na mishikio ya sufuria igeuzwe ndani. Gesi hii ikivuja hushuka chini na kutandaa sakafuni. Ukisikia harufu, fungua milango, mtoe mtoto, usiwashe kiberiti wala taa. Na vitufe vyake viko mbele, usawa wa mkono wa mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo ufunge kwenye chupa yenyewe kila ukimaliza. Mwenye umeme nyumbani anaweza kuweka sufuria ya umeme yenye kifuniko cha kufungwa, ambayo kwa maharage ni salama kuliko yote niliyotaja, mradi waya wake usining'inie mbele. Ile resho ya waya mwekundu ulio wazi siipendi kabisa kwenye nyumba yenye mtoto. Mkipata hela, nunueni. Msipopata, kigeti, paa na mahali pa kuipulia vitawapa usalama mwingi kuliko gesi iliyowekwa sakafuni.

Kuna hatari tatu za jikoni ambazo hazina moto. Ya kwanza ni maji. Kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kwenye beseni au ndoo akatumbukia, hana nguvu ya kujiinua, na sentimita tano za maji zinatosha kumzamisha. Hapigi kelele, hivyo usitegemee masikio. Hapa tunaweka maji ya siku nyingi kwa sababu bomba halitabiriki. Yaweke kwenye bidoni za mdomo mdogo zilizofungwa. Beseni la kufulia na la vyombo limwagwe mara kazi ikiisha, na ndoo iwe na kifuniko kizito.

Ya pili ni chupa. Petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, kwenye chupa ya soda, javeli (dawa ya kung'arisha nguo) kwenye chupa ya maji ya kunywa, soda kali ya kutengenezea sabuni kwenye kikopo cha maziwa. Mtoto hasomi, anatambua chupa. Hata vidonge na dawa ya klorini ya kusafishia maji, tulivyovizoea tangu miaka ya kipindupindu, viwe juu. Akinywa petroli, usimtapishe. Petroli ni nyepesi na inateleza. Akitapika inaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo inapoua. Maziwa na mafuta ya mawese, ambavyo watu hukimbilia, havizuii sumu, vinaleta kutapika tu. Soda kali na javeli pia usimtapishe, kwa sababu kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, wala usimpe limau eti kuipooza. Mfute mdomo, mvue nguo iliyolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, chukua chupa yenyewe mkononi, nenda kituo cha afya. Kwa petroli, hata akionekana mzima anapaswa kuangaliwa kwa saa sita na zaidi. Kikohozi, kupumua haraka au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kukimbia wala si kungoja asubuhi.

Ya tatu ni vya kumkaba: karanga, mahindi ya kuchoma, miiba ya samaki, punje za maharage. Karanga nzima asipewe mpaka afike miaka mitano. Za kusagwa kwenye mboga hazina neno. Akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, mgeuze, mbonyeze kifuani kwa vidole viwili mara tano, urudie. Kwa mtoto aliyezidi mwaka, badala ya kifua ni kubonyeza juu ya kitovu. Kidole usikitumbukize kooni kutafuta usichokiona. Na mhogo mbichi mchungu unaolowekwa usimwache autafune. Sumu yake haijatoka.

Nirudi kwa vidole vyake. Kuungua kukitokea tena, kwake au kwa mwingine, mvue nguo isiyonata, umwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20 mfululizo. Maji yakiwa haba, mimina kwa kikombe, kinga kwa beseni safi, mimina tena yale yale. Maji hayo yanasaidia hata saa tatu zikiwa zimepita, kwa hiyo usiseme umechelewa. Barafu hapana. Sehemu nyingine ya mwili ifunike, mtoto mdogo hupoa haraka. Kisha kitambaa safi juu ya kidonda, basi. Mafuta ya mawese, dawa ya meno, yai, unga: vyote vinashikilia joto ndani, vinaleta uchafu, na hospitalini vitabidi vikwanguliwe naye akilia. Mwende siku hiyo hiyo ikiwa kidonda kinazidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au kiko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kimekuwa cheupe na hakiumi. Kutouma kwa namna hiyo si dalili njema, ina maana moto umeshuka mpaka kwenye neva. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aonwe hata kwa kidogo.

Mwanao hajatimiza mwaka, na aliungua mkono. Kwa hiyo mpeleke, hata kama kidonda kinakauka. Kabla ya kutoka, mpe kitu akishike, utazame kama vidole vile viwili vinafunguka vyote sawa na vya mkono mwingine. Ngozi ya kiganja ikipona kwa kujikunja huvuta kidole ndani, na kidole kilichoanza kuvutwa kinanyooshwa kwa urahisi wiki za mwanzo, baadaye kinataka upasuaji. Kikiwa hakifunguki, au kuna usaha, wekundu unaotambaa au homa, usingoje kesho. Beba na kadi yake ya chanjo, watataka kuona zile za pepopunda kama zimekamilika.